Mjadala: Je, ni halali kumpima mwanasiasa kwa ndevu zake?

Wadau, kila mgombea anapojitokeza na sura mpya, ubishi huu hufufuka. Wapo wanaoshikilia kwamba ndevu ni taarifa halali kwa mpiga kura: aliyefuga huonekana mkomavu na jasiri, aliyenyoa huonekana nadhifu na muwazi, basi kuna ubaya gani kuziweka kwenye mizani? Mimi napinga. Maana tunayodai kuisoma usoni mwake tunakuwa tumeshaibeba kichwani kabla hata hatujamwona.

Ushahidi unaopendwa na upande wa pili ni Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani. Oktoba 1860, Grace Bedell, binti wa miaka 11 kutoka Westfield, New York, alimwandikia kwamba uso wake ni mwembamba mno. Akifuga ndevu, wanawake watawasihi waume zao wampe kura. Kisa husimuliwa kana kwamba ndevu ndizo zilizompeleka Ikulu. Tazameni tarehe. Uchaguzi ulifanyika Novemba 6 mwaka huohuo, na Lincoln alishinda akiwa hana ndevu. Alizifuga baadaye. Tena, alipomjibu binti huyo, alihofia watu wangeona anajishaua.

Mwingine ni Thomas Dewey. Husemwa masharubu yake yalimponza aliposhindwa na Harry Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 1948. Lakini kwa masharubu hayohayo alikuwa ameshinda ugavana wa New York mwaka 1942 na 1946, na mwaka 1950, baada ya kushindwa urais, watu wa jimbo hilo walimchagua tena.

Kwa Lula wa Brazili lazima niwe mkweli, maana ananipa kazi. Aligombea urais na ndevu zake akashindwa 1989, 1994 na 1998, kisha akashinda 2002, 2006 na 2022. Mtu atasema: mwaka 2002 alizipunguza na kuvaa suti, ndiyo maana akakubalika. Sikatai kwamba mwonekano ulilainishwa. Ila mwaka huohuo aliwaandikia Wabrazili barua ya wazi akiahidi kuheshimu mikataba ya nchi, na akamchukua mfanyabiashara, José Alencar, kuwa mgombea mwenza. Ukimpa mkasi sifa yote, umefuta mabadiliko ya kisiasa yaliyowagusa watu.

Hata Richard Nixon, aliyegombea urais wa Marekani dhidi ya Kennedy, sitamkwepa. Kwenye mdahalo wa televisheni wa Septemba 26, 1960, vishina vya ndevu vilionekana ingawa alikuwa amepakwa poda, na alikuwa amekonda baada ya kulazwa hospitalini kwa ugonjwa wa goti. Ndiyo, watazamaji waliathirika. Lakini kuathirika na kujua ni mambo mawili, na vile vishina havikumwambia mtu yeyote lolote kuhusu sera zake.

Halafu kuna suala la zama. Kuanzia Lincoln hadi Taft, aliyeondoka madarakani 1913, marais wa Marekani karibu wote walikuwa na ndevu, masharubu au sharafa. Wasiokuwa nazo ni Andrew Johnson na McKinley tu. Baada ya Taft, hakuna hata mmoja. Je, ujasiri ulitoweka nchini humo mwaka 1913? Wembe wa Gillette ulikuwa sokoni tangu 1903, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta vinyago vya gesi vinavyotaka ngozi iliyonyolewa. Mitindo ilibadilika. Uadilifu una mizizi kwingine kabisa.

Linaloniuma zaidi ni hili, na huwa halitajwi. Tukikubali kwamba ndevu ni alama ya hekima na nguvu ya kuongoza, tumeshaweka kipimo ambacho nusu ya raia hawawezi kukifikia. Angela Merkel aliiongoza Ujerumani kwa miaka 16, kuanzia 2005 hadi 2021, na hakuna aliyehitaji kutazama kidevu chake ili kujua kama anaweza kazi. Waliompinga walilazimika kubishana naye juu ya madeni ya Ulaya, wakimbizi na nishati ya nyuklia. Mgombea mwanamume naye anastahili kubanwa hivyohivyo: rekodi yake, fedha zake, watu aliowateua.

Kwa hiyo wanaotetea kipimo cha ndevu naomba waanzie hapa: katika uchaguzi wenye mgombea mwanamume na mgombea mwanamke, mnakitumiaje bila kumwonea mmoja wao?