Kengele ya alfajiri bwenini: nidhamu, au tunawamaliza watoto?

Wakuu, kila tukigusa maisha ya vijana wa bweni lazima atokee wa kusema: "Mbona sisi tuliamshwa alfajiri na tumefika?" Mimi napinga, na kengele hiyo nimeipiga mwenyewe. Nilikuwa matroni miaka minne. Taa saa nne na nusu usiku, kengele saa kumi na nusu. Ukitoa zile soga za gizani, mtoto kabaki na saa tano na ushee.

Usiku mmoja nilimkuta binti amelala juu ya blanketi na sare yake, soksi miguuni, kitanda kimeshatandikwa. Anaokoa dakika kumi za usingizi! Nilitaka kumgombeza. Nikazima tochi, nikatoka.

Wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale saa 8 hadi 10. Akibalehe, melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kutoka mwilini mwake, kwa hiyo hata ukimlaza mapema atabaki anakodolea dari. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2014 sekondari zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi, na California ikaifanya sheria kuanzia 2022. Na wengi wa wanafunzi hao wa Marekani wanalala kwao, kuna mzazi wa kuona mtoto leo hayuko sawa. Bwenini, katika watoto sitini, aliyechoka, anayeonewa na aliyefiwa wote wanafanana: wanasinzia tu. Utamjua yupi?

Jibu: Dada, nakuelewa, ila umesahau mabomba. Watoto sitini, bomba nne. Waamshe saa kumi na mbili uone wangapi wataingia darasani hawajaoga. Halafu wazazi nao wakiona shule jirani taa zinawaka alfajiri, wanahamisha watoto. Mkuu wa shule afanyeje?

Matroni: Kwenye bomba umenipata. Lakini basi tuseme wazi kwamba tunawaamsha kwa ajili ya bomba, tusisingizie nidhamu. Sisi tulijaribu muhula mmoja: nusu wanaoga jioni, nusu asubuhi, kengele ikasogea hadi saa kumi na moja na nusu. Mambo yakaenda. Ikarudishwa palepale baada ya mzazi mmoja kulalamika kikaoni kwamba tunawalea kama wako hotelini.