Mashine ya dizeli ilinilaza, huu mlio wa simu mbona haunilazi?

Msagaji wa Uyole:
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nasaga mahindi hapa Uyole mwaka wa kumi na moja. Mashine yangu ilikuwa ya dizeli, tu-tu-tu-tu, na chumba changu kimepakana nayo. Kijana alisaga mpaka saa nne usiku, mimi nishalala kitambo. Mwaka jana nikafunga mota ya umeme. Inavuma tu, haina mapigo. Tangu hapo saa nane usiku nahesabu misumari ya bati. Mpwa wangu wa chuo kaniwekea kwenye simu sauti za "kupanga mawimbi ya ubongo". Naiweka simu juu ya kreti ya soda, najifunika blanketi mbili, nasikia wuu-wuu-wuu, basi. Mke wangu anasema ni nzi ndani ya debe. Nimepigwa, au nakosea?

Besi ya Kwaya, Iringa:
Mkuu, hedifoni umevaa? Sikio la kushoto linapewa sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde, la kulia 206. Ubongo wenyewe ndio unaunda pigo la tofauti yake, mara 6 kwa sekunde. Sisi tukituni gitaa tunalijua hilo pigo: nyuzi mbili zikikaribia kulingana, sauti inayumba, wau-wau, na zikilingana inatulia. Ila hapo zinachanganyikia hewani, kama kwenye spika yako. Kwa hedifoni zinakutana ndani ya kichwa. Mjerumani Heinrich Wilhelm Dove aliligundua hilo karne ya 19, kabla hata ya umeme wa majumbani. Mawimbi ya ubongo ya mapigo 4 mpaka 8 kwa sekunde ni eneo la kusinzia, chini ya 4 ni usingizi mzito. Kwamba ubongo unalifuata kweli pigo la hedifoni, hapo watafiti wanapishana: wengine wameona, wengine hawakuona kitu.

Mama wa Tukuyu:
Mwanangu, njoo Rungwe ulale chini ya bati mvua ikinyesha. Bure, na haina waya. Mtoto naye tunambeba mgongoni tukitwanga, analala kinu kikilia. Nani alimvalisha hedifoni?

Nesi, Makambako:
Kama nyumbani kuna mwenye kifafa, aulize kwanza daktari, hasa programu zenye taa za kumetameta. Na madereva, msizisikilize mkishuka mlima Kitonga, tafadhali. Wewe Msagaji, jioni unakunywa chai vikombe vingapi?

Msagaji wa Uyole:
Vitatu, Nesi. Ya rangi.

Jana nimevaa hedifoni za mpwa. Kweli, pigo limekaa katikati ya kichwa, si sikioni. Nikasinzia saa saba badala ya nane, nikaamka waya umenizunguka shingo, mke akauvuta akidhani ni panya. Chai nimepunguza, kwa hiyo sijui kipi kimesaidia. Jumamosi naenda Igawilo, kuna jirani bado ana dizeli. Namwomba aiwashe dakika arobaini nirekodi. Mafuta nalipa mimi.