Je, treni ya abiria ina tija pembezoni mwa Jiji la Dodoma?

Mkazi wa Ihumwa
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili nasimama barabarani na mwanangu wa darasa la tatu, na kondakta akishaona sare ya shule, daladala haisimami, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Je, ni busara kudai reli mpya za kutuhudumia sisi wa pembezoni?

Mpimaji Ardhi
Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu, reli mpya bado. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, ambalo eneo lake linazidi kilomita za mraba 2,500; viwanja vyetu ni vikubwa na nyumba zimetawanyika, hivyo abiria wanaoweza kuifikia stesheni kwa miguu ni wachache. Hata hivyo, reli ya zamani ya kati, yenye upana wa mita moja, inapita Ihumwa na Kikombo. Dar es Salaam ilianzisha treni ya mjini mwaka 2012 kwa kutumia reli ya namna hiyo hiyo, bila kusubiri kujenga mpya. Tatizo ni kwamba ni ya njia moja: treni zikiwa nyingi, lazima ziongezwe sehemu za kupishana, la sivyo abiria atakaa akisubiri behewa za mizigo zipite.

Mtumishi wa Mtumba
Naongeza jambo moja ambalo naliona kila siku. Kwa kawaida treni ya mjini hujaa asubuhi ikielekea katikati ya mji, kisha hurudi tupu. Hapa kwetu, wakati wewe unakwenda mjini, sisi watumishi tunatoka mjini kuja Mji wa Serikali hapa Mtumba, zilipo ofisi za wizara, kwa hiyo treni ingepata abiria kwenda na kurudi. Ila ofisi zetu haziko kandokando ya reli. Bila basi la kutupokea stesheni, tutabaki kwenye magari yetu.

Mkazi wa Ihumwa
Nashukuru. Basi nitaomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa, nikianza na ardhi ya vituo na ya kugeuzia mabasi, itengwe kabla viwanja vilivyo karibu na reli havijauzwa vyote.