UZI WA MALALAMIKO: Oblivion Remastered, rangi mpya mifupa ileile, na bei ni ya dola kamili

Mlinzi_wa_Kvatch (Kampala)

Wakuu, huu uzi ni wa kulalamika. Anayetaka kusifu nyasi na machweo ya jua afungue wa kwake.

The Elder Scrolls IV: Oblivion Remastered imetangazwa na kuanza kuuzwa siku hiyohiyo, 22 Aprili 2025. Bethesda wakishirikiana na studio ya Virtuos wameichukua gemu ya 2006 wakaivisha ngozi ya Unreal Engine 5, injini (programu inayoendesha gemu) ya kisasa ya kuchora picha. Injini ya zamani imebaki ndani, na ndiyo inayoamua nani anatembea wapi, upanga unaumiza kiasi gani, askari gani kakuona ukiiba mkate. Kwa hiyo mashine yako inabeba injini mbili kwa mpigo. Lawama zangu nyingi zinatokea hapo.

Bei kwanza. Dola 49.99. Steam, duka la gemu mtandaoni, halina bei ya shilingi ya Uganda, tunasomewa dola zilezile za Mmarekani. Ni kama laki moja na themanini na ushee, kabla benki haijakata chake kwenye kubadilisha fedha. Ukitaka toleo la Deluxe unaongeza dola 10, na unachopata ni deraya na silaha za Akatosh na Mehrunes Dagon, kitabu cha michoro, muziki, na deraya za farasi. Ndiyo, deraya za farasi! Watu walewale waliochekwa dunia nzima 2006 kwa kuuza deraya ya farasi dola 2.50 wamerudi nayo wakiwa wakavu wa macho.

Sasa uzito. Wanadai nafasi ya gigabaiti 125. Piga hesabu: kwenye mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde usioyumba ni karibu saa 28, kwenye 20 ni saa 14. Nani hapa ana mtandao usioyumba saa 28? Na anayepakua kwa bando analipa ushuru wa asilimia 12 uliowekwa juu ya data tangu Julai 2021, yaani gemu anainunua mara mbili. Steam inakumbuka ulipoishia, hilo halina shida. Shida ni apdeti. Mafaili ya gemu ni makubwa sana, na Steam ikisahihisha kipande ndani ya faili inaliandika faili zima upya pembeni ndipo ifute la zamani. Apdeti inasema megabaiti mia chache halafu diski inalia imejaa. Mwenye diski ya SSD ya gigabaiti 256 yenye Windows ndani asijisumbue.

Na nimekuja hasa kwa ajili ya hili: KUGANDAGANDA. Ndani ya mapango gemu inateleza vizuri. Toka nje sasa. Panda farasi pale kijiji cha Weye, shika barabara ya kwenda mji wa Chorrol, usipigane na mtu, nenda tu mbio. Washa kile kijichati cha muda wa fremu, yaani kila picha moja ya gemu inachukua muda gani kuchorwa. Utaona mstari umelala, umelala, kisha mwiba mrefu, picha inasimama, farasi anaruka hatua mbele. Mstari unalala tena, mwiba mwingine. Dunia ya Oblivion imekatwa vipande vya mraba. Kila ukivuka mpaka wa kipande, injini ya zamani inaamsha kila kilichomo, na ile mpya inajenga majani, mawe na vivuli vyake papo hapo. Kazi hiyo inaangukia prosesa. Ndiyo maana ukishusha setingi kutoka Ultra hadi Low wastani wa fremu unapanda lakini miiba inabaki palepale. Mwenye kadi ya mamilioni anaganda, mwenye kadi ya mtumba anaganda. Usawa huo hatukuuomba.

Mtu asiniambie "ni gemu ya zamani, uwe mvumilivu". Ya zamani ilikuwa inakimbia kwenye kompyuta ya kafee. Hii inataka angalau kadi ya picha GTX 1070 Ti au RX 5700 na RAM ya gigabaiti 16, na wanachopendekeza ni RTX 2080 na RAM ya gigabaiti 32.

KadiYaMtumba

Mkuu umesema kweli tupu, ila kuna vya kupunguza maumivu, tuviweke hapa watu wasihangaike.

Kwanza kabisa, mwanga wa Lumen, ule mfumo wa injini mpya wa kukokotoa mwanga. Hakuna pa kuuzima kwenye menyu, wameamua hivyo. Ila unaweza kuuhamisha kutoka Hardware kwenda Software, kisha Low. Hapo peke yake unaokoa fremu nyingi kuliko setingi zote nyingine. Pili, umbali wa kuona, vivuli na majani viweke Medium. Tekscha (picha zinazofunika kuta na vitu) usiziguse kama kadi ina VRAM, yaani kumbukumbu yake yenyewe, ya gigabaiti 8, hazipunguzi kasi mpaka VRAM ijae. Ikijaa ndipo unaona kuta zenye ukungu. Kadi ya laptopu yenye VRAM 4 weka Low usibishane. Tatu, DLSS, FSR au XeSS (zinachora picha ndogo kisha kuikuza) weka kwenye Quality kama skrini ni 1080. Ukishuka hadi Performance kwenye 1080 nywele za watu zinakuwa kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga.

Nne, na hili wengi wanalikosea: funga fremu. Ukiiacha huru inaruka 80, inaanguka 45, inaruka tena, na jicho linaumia. Ifunge 60, au hata 40 kama skrini yako inakubali. Miiba itabaki ila haitakuwa na kelele nyingine pembeni yake.

Zile fremu za kubuni (frame generation) msidanganyike nazo. Zinaongeza namba tu. Picha ikisimama, ya kubuni nayo inasimama, na vidole vinachelewa juu yake.

Mlinzi_wa_Kvatch (Kampala)

Asante bosi. Ongeza na hili: ukicheza muda mrefu bila kuifunga, mwendo unazidi kushuka. Kuitoka kabisa na kuirudia kunasaidia. Kurudi kwenye menyu kuu hakutoshi.

Nyanya_wa_Bruma

Mimi nagombana na mwenye uzi kidogo. Kuna kitu kimoja wamekitengeneza vizuri, na ndicho kilichokuwa kinaua gemu ya 2006: kupanda leveli. Zamani ulikuwa unahesabu mara ngapi umetumia kila ujuzi ndipo upate nyongeza nzuri ya sifa, mpaka watu walikuwa na daftari. Sasa kila leveli unapewa pointi 12, unazigawa kwenye sifa zisizozidi tatu, kila moja mwisho 5. Sifa ya Bahati ndiyo ghali, pointi 4 kwa nyongeza moja. Na ujuzi mdogo nao sasa unahesabika kwenye kupanda. Daftari limekufa, tumshukuru Mungu.

Lakini sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Wametengeneza kupanda leveli, wakaacha maadui wanaopanda pamoja na wewe. Jambazi wa barabarani bado anakuja amevaa deraya ya kioo kuanzia kichwani hadi unyayoni, mali ambayo ukiiuza unaishi mwaka mzima Imperial City, halafu anakuambia nipe sarafu 100 au ufe. Mia! Uza kofia yako baba uwe tajiri!

Na zawadi za kazi bado zimefungwa kwenye leveli uliyokuwa nayo siku ulipopewa. Upanga wa Chillrend wa kule Chorrol ukiuchukua mapema unabaki dhaifu milele, haukui na wewe. Ngao ya Escutcheon of Chorrol hivyo hivyo. Zote mbili subirini mpaka leveli 25 au zaidi ndipo mkazidai. Mchezaji mpya nani atamwambia? Gemu yenyewe haisemi popote. Hili wala halikuhitaji injini mpya, lilihitaji mtu mmoja ofisini aseme "jamani hii tuibadilishe".

TaaZimezimika (Mbale)

Na Kvatch je, ule mji uliovamiwa kupitia lango la Oblivion mwanzoni mwa hadithi? Watu wanaiahirisha wakidhani watarudi wakiwa na nguvu. Ni kinyume chake. Mpelekee mtawa Jauffre ile hirizi ya mfalme, nenda Kvatch ukiwa bado leveli za chini, lango limejaa scamp wadogo wanaorusha moto. Ukichelewa ukaingia na leveli 20 unakutana na majitu ya daedroth na xivilai kwenye vijia vyembamba, na wale askari wa Savlian Matius wanaanguka mmojammoja kabla hujafika kanisani. Nguvu zako zimepanda, za askari hazikupanda kwa kiasi hichohicho.

Kasuku77

Mnasahau ugumu. Ilipotoka 2025 kulikuwa na ngazi tano, Novice, Apprentice, Adept, Expert, Master. Kati ya Adept na Expert walichimba shimo. Adept unatembea unapiga mluzi, Expert panya wa kwenye mahandaki anakula mishale kana kwamba ni karanga. Zamani kulikuwa na kitelezi, unasogeza kidogo upande huu, kidogo upande ule. Waliondoa kitelezi wakaweka ngazi, na ngazi moja katikati haikuwepo. Nani aliijaribu hii kabla haijauzwa?

Mwenye kung'ang'ania Expert atumie Conjuration, uchawi wa kuita viumbe. Pigo lako wewe ndilo linalopunguzwa, la kiumbe uliyemwita halipunguzwi. Mwite, rudi nyuma, acha akufanyie kazi. Inachosha, lakini ndiyo njia.

DukaLaKadi

Kwa wenye PS5 na Xbox: Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, na Xbox nayo ni hadithi ileile. Kwa hiyo akaunti yako ni ya Uingereza au Marekani, na kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Ukinunua ya dola ukaiingiza kwenye akaunti ya Uingereza inakataa, na muuzaji harudishi hela. Gemu hii imo kwenye Game Pass, usajili wa Xbox, tangu siku ya kwanza. Wenzetu wa nchi nyingine wanaionja kwa ada ya mwezi, sisi tunanunua nzima bila kuionja.

KadiYaMtumba

Na huku kwenye PC ya Microsoft Store walishusha kisahihisho tarehe 25 Aprili kilichoharibu zaidi: watu hawakuweza tena kubadilisha setingi za DLSS, FSR na kulainisha kingo. Kisahihisho kinachovunja, hicho nacho ni kipaji. Steam haikuguswa.

Anayetaka kurudishiwa hela Steam: muda wa kucheza usizidi saa 2, na siku zisizidi 14 tangu ununue. Ila ile sehemu ya mwanzo ambapo gemu inaandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), saa ya Steam inatembea. Kwenye prosesa dhaifu hapo panameza dakika za kutosha. Kisha mahandaki ya mwanzo yote ni ndani, na ndani hakugandi. Ukitaka kujua ukweli usikae kuchonga uso wa mhusika. Kimbia mahandaki, toka nje, nenda ile barabara ya Chorrol, amua.

TaaZimezimika (Mbale)

Swali kwa wanaojua. Umeme ukikatika wakati gemu inajiseva, faili linaharibika. Kuna kinga yoyote zaidi ya UPS, ile betri ya akiba?

Nyanya_wa_Bruma

Ipo ndugu yangu. Gemu inajiseva yenyewe ukilala, ukisubiri na ukisafiri haraka kwenye ramani. Ingia setingi uzime hizo tatu kama kwenu umeme ni wa kubahatisha, useve kwa mkono, na usiandike juu ya faili la zamani. Tengeneza jipya kila mara. Faili likifa unapoteza hilo moja tu.

Kwa Steam yanakaa kwenye Documents, My Games, Oblivion Remastered, Saved, SaveGames. Nakili folda nzima kwenye flashi kila ukimaliza kucheza. Faili likigoma kufunguka gemu inaanguka kimya bila ujumbe wowote, na watu wanaishia kupakua gigabaiti 125 upya wakidhani gemu ndiyo mbovu. Usipakue! Toa faili la mwisho kwenye hiyo folda, weka pembeni, fungua lililotangulia.

Kasuku77

Hivi na lile kosa la sauti la 2006 wameliacha? Yule mhusika Tandilwe, ambaye mwigizaji wake wa sauti anasoma maneno, anakosea, anaomba arudie?

Nyanya_wa_Bruma

Wameliacha. Hilo wakiliondoa nami nafungua uzi wangu.

Mlinzi_wa_Kvatch (Kampala)

Kucheka tucheke, ila mimi natuma tiketi kwao na nawaomba nanyi mtume. Andikeni prosesa, kadi, RAM, aina ya diski, na kipande cha barabara mnapoganda, na muambatishe picha ya chati ya muda wa fremu. Msiandike "gemu ni mbovu" peke yake, hizo wanazifunga bila kuzisoma. Na kila anayetuma aeleze pia kama Lumen iko Hardware au Software, maana ndilo swali la kwanza watakalouliza.