Gari la tani 5.5 linabebaje mzinga wa milimita 90?

ModeliUmoja
Wadau, hamjambo. Naunda modeli ya Panhard AML-90 kwa kipimo cha 1/35, na kibao cha maelezo kando yake sitaki kiwe na uongo. Hapa Nairobi chochote chenye mzinga na rangi ya jeshi ni kifaru tu. Lakini hili lina magurudumu manne na uzito wa tani 5.5, mzigo ambao lori la mchanga la Machakos linaubeba bila shida. Linapigaje mzinga wa milimita 90 bila kupinduka, ilhali M3 Stuart, kifaru chepesi cha karibu tani 13, kilikuwa na milimita 37? Je, niliite kiwinda-vifaru au gari la upelelezi? Na kama kuna kitu ambacho watu hukosea kwenye modeli yake, niambieni mapema kabla gundi haijakauka.

Deraya_SouthC
Kaka, upana wa mtutu haukwambii nguvu ya teke. Teke linatokana na uzito wa kombora ukizidisha na kasi yake, pamoja na gesi ya baruti inayotoka nyuma yake. Stuart ilirusha risasi ngumu ya chuma kwa takriban mita 880 kwa sekunde, kwa sababu risasi ya aina hiyo hutoboa kwa kasi. Ikipungua kasi, haina kazi. Mzinga wa AML, D921, ni wa shinikizo la chini. Kombora lake la kupigia deraya huenda takriban mita 750 kwa sekunde, na kasi siyo inayotoboa. Ndani ya kichwa kuna koni ya shaba na kilipuzi nyuma yake. Kikilipuka, koni inabanwa na kuwa mchirizi mwembamba wa chuma unaopenya deraya. Mita 200 au mita 1,500, kinatoboa vilevile. Kombora lenyewe hutulizwa na mabawa, kwa kuwa likizunguka kwa kasi mchirizi ule hutawanyika na kudhoofika.

Gharama yake iko kwenye kulenga, na hapo ndipo vitabu vingi vinapita haraka. Chukua kifaru kilicho mita 1,000. Kwa mita 750 kwa sekunde, ukiacha upinzani wa hewa, ukikosea umbali kwa mita 200 tu kombora linapita juu au chini ya ulipolenga kwa takriban mita 1.7. T-55, kifaru cha Kisovieti, ina kimo cha mita 2.4, kwa hiyo ukilenga katikati una nafasi ya mita 1.2 juu na mita 1.2 chini. Umekosa. Mzinga wa kifaru unaorusha kwa mita 1,470 kwa sekunde, kosa hilohilo ni kama nusu mita, na bado umempata. AML ya asili haina kipima-umbali cha leza. Umbali unakadiriwa kwa jicho na darubini. Mnara nao unazungushwa kwa mkono, na kamanda ndiye mpakiaji. Akishika kombora, hakuna anayeangalia nje. Gari lenyewe linabeba makombora 20 tu.

Kwa modeli: usiichanganye na AML-60, ambayo ina mota ya milimita 60 inayopakiwa kwa nyuma, yenye mtutu mfupi, na rashasha kando yake. Gurudumu la akiba hukaa kwenye mlango wa ubavu wa kushoto, chini ya mnara. Tena, ukitumia picha za Eland, yaani AML iliyotengenezwa Afrika Kusini, chunga sehemu ya nyuma. AML ya Ufaransa ina injini ya Panhard ya silinda nne inayopozwa kwa hewa, farasi 90. Eland za baadaye zilitiwa injini ya GM ya lita 2.5 inayopozwa kwa maji, kwa hiyo vifuniko vya injini havifanani.

Ochi_Komarock
Andika "muuaji wa vifaru", bro. Eland zilichoma T-55 Angola.

Nasra_Eastleigh
Ndugu Ochi, zilichoma, lakini kwa taabu. Cuvelai, Januari 1984, mizinga ya milimita 90 ililazimika kuipiga T-55 moja mara kadhaa, na wapigaji walitafuta ubavu na nyuma. Kabla ya hapo, Ebo, Novemba 1975, Eland zilikwama kwenye matope zikapigwa na Wakuba zikiwa zimesimama. Deraya yake inazuia risasi za bunduki na vigae vya mabomu, basi. Mahali ilipong'aa ni Chad mwaka 1987, ilipokwenda pamoja na Toyota zenye makombora ya MILAN ya kupigia vifaru: kasi, jangwa wazi, na adui asiyejua watatokea wapi.

Kiwinda-vifaru ni kazi, halafu ndipo chombo kinaundwa kwa ajili yake. Wamarekani waliunda M18 Hellcat ya tani 17.7, mzinga wa milimita 76, kilomita 88 kwa saa barabarani, mnara usio na paa. Paa liliachwa ili kupunguza uzito na kumpa kamanda macho. Walilipia kila bomu lilipopasuka juu ya miti. M10 iliyotangulia ilikuwa na mzinga mzito mbele kiasi kwamba mnara haukuwa na mizani, na kuuzungusha kwa mkono gari likiwa limeinama mlimani kulikuwa adhabu. Ndiyo sababu ya vile vyuma vizito unavyoviona nyuma ya mnara wake. Usiviache kwenye modeli! Wajerumani nao, kwenye Jagdpanzer 38, waliusogeza mzinga kulia, ukawa unageuka digrii 5 kushoto na 11 kulia. Mpakiaji alikaa kushoto ilhali mzinga uliundwa kupakiwa kutoka kulia. Kilikuwa chombo cha kuvizia, na kwa kuvizia kilitosha.

AML haikuzaliwa hivyo. Herufi zake kwa Kifaransa zinamaanisha gari jepesi la rashasha. Jeshi la Ufaransa lilitumia Ferret, magari madogo ya deraya ya Uingereza, kule Algeria, likataka lake lenye silaha kali zaidi. Mzinga wa 90 ulikuja baadaye, ili mpelelezi akikutana na kifaru asife bila kujibu. Andika gari la upelelezi.

Fundi_Kariobangi
Kwa kuwa Ferret imetajwa, na kuna watu wanaotamani kununua moja iliyostaafu, sikilizeni habari za gia. Gia boksi inatoa nguvu pande mbili, shafti zinakwenda mbele na nyuma kila ubavu. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la ubavu mmoja hakuna difu, ile gia inayoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti. Kwenye udongo, tairi linateleza kidogo na hakuna neno. Kwenye lami, tairi zikitofautiana mzingo hata kidogo, shafti zinajisokota na msokoto hauna pa kutokea. Utahisi gari zito, kama breki zimeshika, kisha meno ya gia za pembeni yanavunjika. Kwa hiyo tairi nne ziwe za aina moja na zimechakaa sawa. Ukibadilisha, badilisha zote. Pima mzingo kwa utepe, usiamini namba za ubavuni. Baada ya safari ya lami, panda ukingo wa barabara au tuta ili gurudumu moja lining'inie na kuachia msokoto.

Gia zenyewe unachagua kwanza kwa mkono, kisha unakanyaga pedali ya kushoto ndipo inaingia. Ikanyage hadi mwisho. Ukiikanyaga nusu, inarudi kwa kishindo, na imewahi kuumiza miguu ya madereva wengi.

ModeliUmoja
Asanteni sana, dada Nasra na wengine wote. Nimeandika hivi: "Panhard AML-90. Gari la deraya la upelelezi, Ufaransa. Watu 3, tani 5.5, mzinga wa shinikizo la chini wa mm 90, kasi ya kombora mita 750 kwa sekunde, makombora 20. Jeshi la Kenya ni miongoni mwa watumiaji wake."

Deraya_SouthC
Weka "takriban" kabla ya 750, na uongeze kwamba mnara unazungushwa kwa mkono. Watoto watakaouona watauliza hilo kwanza.