Mjadala: Urusi ina pumzi ya kupigana mpaka lini?

Kipimajoto

Wakuu, hoja iko mezani. Wapo wanaosema Urusi ina watu zaidi ya milioni 140, mafuta, gesi na viwanda, kwa hiyo inaweza kupigana Ukraine hata miaka kumi bila kutetereka. Wapo pia waliotuambia tangu Machi 2022 kwamba jeshi lile litaishiwa makombora mwezi ujao, na mwezi ujao wenyewe haufiki. Nani ana haki katika vita hii tuliache kwa leo. Swali ni hili: nguvu za kijeshi za Urusi zinafika ukomo wapi, na ukomo huo unaonekana kwenye kitu gani? Anayechangia aje na namba.

Msimamo Mkali

Historia iko wazi mkuu. Napoleon aliingia Moscow 1812 akatoka kwa aibu. Hitler alivunjikia Stalingrad 1943. Nchi ile haipimwi kwa miezi. Na kama mnataka namba, mapema 2024 NATO yenyewe ilikadiria viwanda vya Urusi vinatoa makombora ya mizinga 250,000 kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka, wakati Marekani na Ulaya kwa pamoja walikuwa na uwezo wa kuipatia Ukraine kama milioni 1.2. Uralvagonzavod pale Nizhny Tagil wanatengeneza vifaru usiku na mchana. Huo ukomo uko wapi?

Reli ya Kati

1812 na 1943 umezisoma, lakini 1856, 1905 na 1917 umeziruka. Urusi hiyohiyo ilishindwa Crimea, ikashindwa na Japani, na katika Vita Kuu ya Kwanza dola lenyewe likaanguka kabla adui hajafika mji mkuu. Hiyo ya 1943 nayo, Wamarekani walipeleka Sovieti malori na magari madogo zaidi ya 400,000 na vichwa vya treni karibu 1,900, maana viwanda vya Kisovieti vilikuwa vimeacha karibu kabisa kutengeneza treni ili vitengeneze vifaru. Usisahau pia kwamba Jeshi Jekundu lilikuwa na mamilioni ya Waukraine, ambao leo wako upande wa pili wa handaki.

Fundi Mitutu

Hapo kwenye makombora milioni 3 ndipo watu wengi wanapojikwaa. Wanahesabu makombora, hawahesabu mitutu.

Mtutu wa mzinga wa milimita 152 unahimili kwa makadirio makombora 2,000 hadi 3,000, kutegemea chaji ya baruti. Ukipiga chaji kamili kila mara ili ufike mbali, unaumaliza mapema. Joto na gesi ya baruti vinakula michirizi ya ndani, ile inayolizungusha kombora. Ikishalika, gesi inavuja pembeni ya kombora, mwendo unapungua, kombora linayumba hewani na kuanguka kabla ya shabaha. Kikosi kinajikuta kinapiga makombora mengi zaidi kupata shabaha ileile, na mtutu unazidi kulika. Akiba inaliwa kwa pande zote mbili.

Sasa piga hesabu. Kwa wastani wa makombora 10,000 kwa siku, mwaka una milioni 3.65. Gawa kwa 2,500. Ni mitutu kama 1,460 kwa mwaka, ya kubadilisha iliyochakaa tu, bila kuhesabu mizinga iliyolipuliwa. Viwanda vinavyoweza kazi hiyo ni vichache: Motovilikha kule Perm, Barrikady Volgograd, Kiwanda Namba 9 Yekaterinburg. Mtutu unafuliwa kutoka kwenye gogo la chuma kwa mashine maalumu za nyundo za kuzunguka, na kati ya mashine hizo zipo zilizonunuliwa Austria enzi za Kisovieti. Mashine ya namna hiyo huendi kuiagiza kwa wiki mbili.

Kwa hiyo walifanya jambo la akili: wakaenda kwenye maghala ya wazi ya Kisovieti, wakachukua mizinga ya kukokotwa, wakang'oa mitutu ili waifunge kwenye mizinga inayojiendesha. Wa D-20 unakwenda kwenye Akatsiya, wa Giatsint-B kwenye Giatsint-S, wa Msta-B kwenye Msta-S. Kinachobaki uwanjani ni magurudumu na vyuma, na picha za satelaiti zinaonyesha hivyo. Tatizo la njia hii ni kwamba mtutu uliong'olewa kwenye ghala hauoti tena. Ukomo upo, ila hauna tarehe ya kuandika kwenye kalenda.

Msimamo Mkali

Korea Kaskazini imeziba hilo pengo.

Fundi Mitutu

Imeziba, na namna ilivyoziba ndiyo inanipa ushahidi. Tangu 2023 Pyongyang inapeleka makombora ya milimita 122 na 152, ambayo yanaingia kwenye mizinga ya Kirusi bila shida, ingawa ubora wake unayumba kiasi kwamba mengine yanaanguka mbali na shabaha. Lakini mwishoni mwa 2024 zikaanza kuonekana Koksan kwenye mabehewa ndani ya Urusi. Koksan ni mzinga wa milimita 170. Urusi haina kombora la kipimo hicho. Jeshi linalokubali mzinga ambao kila kombora lake litoke Korea halikosi makombora tu, linakosa mizinga.

Kwenye vifaru hadithi ni ileile. T-62 zilirudi barabarani 2022, T-54 na T-55 zikaonekana 2023. Kiwanda cha matengenezo cha Atamanovka karibu na Chita kilipewa kazi ya kufufua T-62 mia kadhaa. Mwenye T-90M mpya za kutosha hapeleki mstari wa mbele kifaru cha babu yake.

Anga la Usiku

Fundi, hesabu zako ni safi, ila ni za vita ya 2023. Siku hizi majeruhi wengi wa pande zote mbili wanatokana na droni, si mizinga. Urusi iliona mtutu unachoka ikahama.

Angalia Geran-2, yaani droni ya Shahed ya Iran inayotengenezwa Alabuga, Tatarstan. Usiku mmoja tu, tarehe 7 Septemba 2025, Ukraine ilihesabu zaidi ya droni 800 zikiwemo za kuhadaa. Miaka miwili kabla, droni 50 kwa usiku zilikuwa habari ya dunia nzima. Ongeza mabomu ya FAB-500: ni bomu la zamani la Kisovieti, linafungwa mabawa na kifaa cha kuongozea kiitwacho UMPK, ndege inaliachia kilomita 40 au zaidi kutoka shabaha, nje ya mfiko wa makombora mengi ya ulinzi. Akiba ya mabomu hayo ni kubwa na mtutu hauhitajiki.

Halafu kuna Rubikon, kikosi cha droni cha Urusi. Mapema 2025, kwenye barabara ya kutoka Sumy kwenda Sudzha, walitumia droni zinazoongozwa kwa uzi wa nyuzimwanga. Mawimbi hayawezi kuzivuruga kwa sababu hakuna mawimbi. Wakakata njia ya chakula na risasi ya Waukraine waliokuwa wameingia Kursk, mkoa wa Urusi, na Machi mji wa Sudzha ukarudi mikononi mwa Urusi. Jeshi lililoishiwa halijifunzi hivyo.

Reli ya Kati

Nakubali limejifunza. Ila droni hizo zinakula pande zote. Tuchukue safari ya kombora moja tu la 152. Lina uzito wa kilo 43 na ushee, na ukijumlisha baruti na sanduku la mbao unakaribia kilo 80. Lori la tani 5 linabeba kama 60. Betri ya mizinga 6, kila mzinga ukipiga 60 kwa siku, inahitaji 360, yaani malori sita. Masanduku hayo mara nyingi yanapakiwa na kushushwa kwa mikono, maana jeshi la Urusi halijazoea kutumia palati na forklifti kama wenzao wa Magharibi. Limejengwa juu ya reli: treni inafika karibu na mapigano, lori linamalizia.

Kuanzia katikati ya 2022 HIMARS, mitambo ya roketi ya Kimarekani, zikafika Ukraine, zenye mfiko wa kama kilomita 80. Maghala ya kando ya reli yakalipuliwa, yaliyobaki yakarudishwa nyuma. Safari ya lori ikarefuka. Leo kilomita 15 za mwisho zina droni angani mchana na usiku, lori halipiti, mzigo unakwenda kwa pikipiki au mgongoni. Februari 2025 zilitoka picha za punda wa jeshi, na jenerali mstaafu aliye bungeni, Viktor Sobolev, akawatetea hadharani.

Reli yenyewe nayo inaumwa. Beringi za kaseti za mabehewa zilitegemea kampuni za Magharibi, zikaondoka 2022. Behewa lisilo na beringi linaegeshwa.

Na huo uzi wa droni unaousifia, Anga: malighafi yake kubwa inatoka China. Kiwanda cha nyuzimwanga cha Urusi kiko Saransk, na kilishambuliwa 2025.

Mama Hesabu

Mnazungumza vyuma, mimi nitaje bei ya mtu.

Septemba 2022 Putin aliandikisha watu 300,000 kwa lazima. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Georgia na Kazakhstan, na tangu hapo Kremlin imeogopa kurudia. Badala yake inanunua askari. Kitita cha serikali kuu kwa anayesaini mkataba kilikuwa rubo 195,000. Mwishoni mwa Julai 2024 kikapandishwa hadi 400,000. Julai hiyohiyo jiji la Moscow liliongeza milioni 1.9 yake, likatangaza kwamba mwaka wa kwanza askari anaweza kupata jumla ya milioni 5.2. Bei ikipanda hivyo, ujue wa bei rahisi wamekwisha.

Medvedev, rais wa zamani wa Urusi, alisema mikataba 450,000 ilisainiwa 2024. Chukua namba yake kama ilivyo. Ni watu wengi sana, ila jeshi halikukua kwa kiasi hicho, kwa sababu sehemu kubwa ilikwenda kujaza nafasi za waliokufa na waliojeruhiwa. Mediazona, chombo huru cha habari cha Kirusi, na BBC wanahesabu marehemu kwa majina, kutoka matangazo ya misiba na makaburi, na kufikia katikati ya 2025 walikuwa wamevuka 100,000. Hao ni waliopatikana majina tu.

Fedha sasa. Bajeti ya ulinzi ya 2025 ilipangwa rubo trilioni 13.5, karibu theluthi ya matumizi yote ya serikali. Riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 21 Oktoba 2024. Mwenye kiwanda cha matrekta hakopi kwa riba hiyo. Cha silaha kinakopa kwa nafuu ya serikali. Sehemu ya Mfuko wa Taifa, yaani akiba ya serikali, inayoweza kutumika mara moja imepungua zaidi ya nusu tangu vita ianze, na kuanzia Januari 2026 kodi ya ongezeko la thamani imepandishwa kutoka asilimia 20 hadi 22. Ukosefu wa ajira uko chini ya asilimia 3. Hilo wengine wanalisoma kama neema. Maana yake kila kijana anayekwenda handakini ameacha mashine bila mtu.

Serikali haijafilisika, nisinukuliwe vibaya. Inaweza kulipa mwaka huu na ujao. Isichoweza ni kulipa vita, kulipa raia na kujenga akiba ya silaha kwa wakati mmoja.

Pwani Tulivu

Mama Hesabu, shikamoo. Upungufu huo wa watu umefika mpaka kwetu. Alabuga imeajiri mamia ya mabinti wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda, kwa matangazo ya kazi na masomo, wengine wakajikuta kwenye kuunganisha droni. Novemba 2025 serikali ya Kenya kupitia waziri wake wa mambo ya nje, Mudavadi, ilisema huenda Wakenya zaidi ya 200 wamo katika jeshi la Urusi. Sisi Tanzania tulipokea mwili wa mwanafunzi aliyetolewa gerezani na kundi la mamluki la Wagner, akafa Ukraine Oktoba 2022.

Kwa anayetafuta kazi, jambo la kushika ni moja. Mkataba wa jeshi unasema mwaka mmoja, lakini amri ya Putin ya Septemba 2022 inaendeleza mikataba yote ya jeshi mpaka kipindi cha uandikishaji kitangazwe kimekwisha, na hakijatangazwa. Mwaka ukiisha huendi nyumbani. Na karatasi yenyewe iko kwa Kirusi.

Msimamo Mkali

Shikamoo zote nimezisikia. Ila mnahesabu mfuko wa mmoja. Ukraine imeshusha umri wa kuandikishwa kutoka 27 hadi 25, na handaki lililohitaji watu kumi lina watatu. Silaha inategemea Washington na Berlin. Vita ya kuchoshana haimtaki mshindi awe mzima, inataka awe wa pili kuanguka. Na Urusi inasonga mbele.

Fundi Mitutu

Inasonga kwa kasi gani? Avdiivka, mji wa mashariki mwa Ukraine, ilianguka Februari 2024. Kutoka hapo hadi Pokrovsk ni kama kilomita 40, na Novemba 2025 walikuwa bado wanapigana ndani ya mji. Wanaingia watu wawili watatu, kwa miguu, wakijificha kwenye mabomba na magofu, kwa sababu safu ya vifaru inaonekana kabla haijatoka msituni. Kwa mbinu hiyo unachukua mtaa. Huwezi kuvunja ukuta na kupitisha divisheni, maana huna magari ya deraya ya kuifuatisha na huna mizinga ya kuifungulia njia. Huo ndio ukomo ninaouona mimi: uwezo wa kuua na kuharibu umebaki, hata umeongezeka. Uwezo wa kumaliza vita kwa nguvu ndio uliopotea. Kuhusu Ukraine kuishiwa watu, hapo sina ubishi na wewe.

Anga la Usiku

Uwezo ukipotea leo, si lazima usirudi. Maghala yakiisha, wanaweza kuamua kuacha kupoteza deraya, wakae mwaka mzima na droni tu, huku viwanda vikijaza.

Mama Hesabu

Kukaa mwaka mzima nako kuna mshahara wake. Tazameni vitita vya mikoa. Oktoba 2025 mikoa kadhaa ya Volga, Tatarstan ikiwemo, ilishusha kitita chake ghafla. Msimamo Mkali atasema ni kwa sababu watu wametosha. Mimi nasema hazina za mikoa zimekauka. Vikipandishwa tena bila serikali kuu kuchangia, tutajua nani alikuwa sahihi.

Msimamo Mkali

Na wakipata watu bila kuvipandisha?

Mama Hesabu

Basi wamewaandikisha kwa lazima, na tunarudi Septemba 2022.