Quiero que vengas: kwa nini si "vienes"?

Mwanafunzi, Nakuru: Habari zenu wakuu. Kwa nini Kihispania husema "quiero que vengas" (nataka uje) na si "vienes" (unakuja)? Nitajuaje wakati wa kubadilisha kitenzi?

Jibu, Kisumu: Mkuu, hapa Kiswahili kinakubeba. Husemi "nataka unakuja", unasema "nataka uje". Ile -e ndiyo kazi ya vengas. Mtendaji akiwa mmoja, acha que (neno la kuunganisha): quiero venir (nataka kuja). Kuunda, chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo, ondoa -o. Kitenzi cha -ar kipe -e (hablo "nasema", hable), cha -er au -ir kipe -a (tengo "nina", tenga). Sita zikariri tu: sea, esté, vaya, haya, sepa, dé (za ser, estar, ir, haber, saber, dar).

Jibu, Kakamega: Ila Kiswahili kitakuangusha kwenye "ukifika". Ukimaanisha wakati ambao bado haujafika: cuando llegues a Kisumu, llámame (ukifika Kisumu, nipigie). Ukimaanisha sharti: si llegas temprano, llámame (ukifika mapema, nipigie). Baada ya "si" ya Kihispania ya sharti (kama), llegues haikai kabisa. Mazoea nayo hayabadilishi kitenzi: cuando llego a Kisumu, como pescado (kila nikifika Kisumu, mimi hula samaki).

Mwanafunzi, Nakuru: Asanteni sana. Na creo que (naamini kwamba)?

Jibu, Kisumu: Creo que viene (naamini anakuja). Ukikanusha: no creo que venga (siamini kwamba anakuja).